Mwalimu wa Kanuni na Thuluthi ya Dada Yake

Wazee wa kikundi chetu cha taarabu wameniletea ujumbe mara mbili. Wamepata picha ya marehemu Mwalimu wa Kanuni, wameitia fremu, wanataka kuitundika kwenye chumba cha mazoezi, na wananitaka mimi niandike kurasa mbili za kusoma siku hiyo, kwa kuwa ndimi mwanafunzi wake pekee niliyebaki hapa Bagamoyo. Wanataka maneno mazuri. Nimejaribu. Kila nikianza na "alikuwa mtu wa watu" kalamu inagoma, kwa sababu hakuwa mtu wa watu, na wote watakaokaa kusikiliza wanalijua hilo. Basi nimeandika haya. Wakipenda wayasome, wasipopenda wayaache.

Mimi sikumpenda. Nalisema mapema ili atakayechukia kusikia aondoke kabla kahawa haijamiminwa. Nilijifunza kwake miaka saba, nikamjua kuliko nilivyomjua marehemu baba yangu, na katika miaka hiyo sikumpenda siku moja nzima. Zipo saa nilizompenda. Siku nzima, hapana.

Kanuni, kwa asiyeijua, ni ubao wenye tumbo wazi unaopakatwa magotini, umetandazwa nyuzi sabini na nane. Nyuzi hizo zimepangwa tatu tatu, na kila tatu lazima ziseme neno moja. Mpigaji huvaa pete mbili kwenye vidole vya shahada, akabana humo risha zake, akakwanyua. Mwalimu alikuwa akikaza nyuzi saa nzima na zaidi ili apige dakika kumi. Ufunguo wa kukazia aliuvaa shingoni kwa kamba nyeusi, ndani ya kanzu, na watu wasiomjua walidhani ni hirizi.

Nilimjua kwa cherehani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayakuniruhusu kwenda mbele, mama akanitafutia mahali pa kushonea kwenye baraza ya nyumba iliyopakana na yake. Kila alasiri nilimsikia nyuma ya ukuta akivuta uzi mmoja, akiurudia, akiurudia tena. Siku moja akatoka nje, akasimama mbele yangu. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia.

"Cherehani yako inasimama kila uzi wangu unapokaa sawa," alisema. "Kwa nini?"

Sikujua kama inasimama. Nilimwambia sijui.

"Kesho uje baada ya alasiri."

Ndivyo alivyokuwa akimkaribisha mtu. Mama alifurahi, maana familia ile ilikuwa na jina. Wazee wao walitoka Omani zamani, wakauza misumari, rangi na sufuria kwenye duka lao, na mpaka leo watu wanasema kitu kilichonunuliwa pale hakikuwa na kasoro. Hilo ni kweli. Mwalimu alikuwa akigonga kila sufuria kwa kucha kabla ya kuiuza. Isiyolia sawa aliirudisha rafuni, mteja alie asilie.

Somo la kwanza halikuwa la kanuni. Alinipa ubao wenye uzi mmoja, na kipande cha uzi wa cherehani chenye urefu ule ule. Akaniambia nikunje uzi wa cherehani mara mbili, nipime, nibane ule wa ubaoni katikati, nipige. Sauti ikatoka ile ile ya mwanzo, ila imepanda juu. "Nusu," alisema. Akaniambia nikunje mara tatu, niache thuluthi moja, nipige mbili zilizobaki. Ikatoka sauti nyingine, iliyosimama wima kama nguzo. "Thuluthi." Nikakunja mara tano, nikaacha humusi moja, nikapiga nne zilizobaki. Ikatoka sauti tamu kuliko zote, sauti ya mtu anayecheka bila kufungua kinywa. Aliniambia muziki wote umo katika kugawa uzi kwa haki, kila sauti ipewe fungu lake, isipungue wala isizidi. Anayesikiliza hahitaji kujua hesabu, kwa sababu sikio linajua likidhulumiwa.

Sauti mbili zikipigwa pamoja na mojawapo imekosea kidogo, hutetemeka. Kuna kitu kinapigapiga ndani yake, haraka kama kosa ni kubwa, polepole kama kosa ni dogo. Mwalimu aliita mtetemeko huo homa. Alikuwa akisema "hizi zina homa," naye anageuza ufunguo kwa kiasi ambacho jicho halioni, na mtetemeko unapungua, unapungua, mpaka unakwisha. Mara ya kwanza nilipoyasikia hayo kwa masikio yangu, nyuzi mbili zikatulia, na chini yake ikatokea sauti ya tatu, nzito, ambayo hakuna aliyeipiga. Nilitazama mlangoni nikidhani kuna mtu anaguna. Mwalimu alikuwa ananitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake.

"Hiyo haipigwi," alisema. "Hiyo huja yenyewe, ukishazipa hizi haki yake."

Hiyo ni mojawapo ya zile saa nilizompenda.

Lakini baada ya hapo sikuweza tena kusikiliza harusi. Nilikuwa binti wa mtaani, ninayependa muziki kama wenzangu, na vinanda vya umeme vilikuwa vimeshaingia kila mahali. Nilipokwenda kucheza kwenye harusi za wenzangu, wao wakiruka, mimi nasikia homa tupu. Nilimlalamikia. Alijibu kwa furaha, kama daktari aliyepata ugonjwa alioutafuta. Alinieleza kwamba ukipanda kwa njia ya thuluthi mara nne, na ukapanda kwa njia ya humusi mara moja, kisha ukaziweka zile sauti mbili usawa mmoja, utakuta zinafanana kama pacha lakini si moja. Baina yao kuna kitu kidogo kinabaki. Alikiita masalio. Aliyetengeneza kinanda, alisema, hakutaka taabu ya masalio. Akachukua kidogo kwa huyu na kidogo kwa yule, akawapunja wote kwa kipimo kimoja ili asilalamike yeyote. Ndiyo maana kinanda kinaweza kupiga wimbo wowote kuanzia popote, na hakuna hata sauti moja ndani yake iliyo nzima, isipokuwa ile ya nusu.

Nilimuuliza yeye masalio huyaweka wapi. Akasema huyaweka mahali ambapo wimbo wa siku hiyo hautapita. Kesho, kama wimbo ni mwingine, anakaza upya.

"Na kama mtu anataka nyimbo mbili siku moja?"

"Asubiri."

Alikuwa na neno lake, "karibu si hapo." Ukimwambia uzi umefika karibu, karibu si hapo. Ukimletea kanzu uliyoishona ukasema urefu unakaribia ule aliotaka, karibu si hapo. Kanzu moja aliwahi kunirudishia mara nne kwa sababu ya pindo, na ile mara ya nne nilimrudishia bila kuigusa, akaivaa, akasema sasa imekaa. Sikumwambia. Niliihifadhi siri hiyo moyoni kama mtu anayeficha peremende.

Alimwudhi kila mtu. Alimwambia muadhini wa msikiti wa jirani, uso kwa uso, kwamba sauti yake huteremka mwishoni kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Muadhini, mzee mpole, akamjibu kwamba Mwenyezi Mungu hana ufunguo wa kukazia watu. Mwalimu alisali msikiti mwingine kwa miezi kadhaa. Wanafunzi waliokuja kabla yangu na baada yangu waliondoka kwa machozi, mmoja baada ya mwingine. Mimi nilibaki, wala si kwa uvumilivu. Nilibaki kwa sababu nilisikia alichokuwa akikisema, na ni vigumu kumwacha mtu mnayesikia naye kitu ambacho wengine hawakisikii, hata kama humpendi.

Hakunisifu kamwe. Katika miaka saba hakuniruhusu kupiga mbele ya watu. Masikio yake yalianza kupungua mapema, juu kabisa kwenye nyuzi nyembamba, na ni mimi niliyemkazia zile. Watu wa kikundi hawakujua. Nilikuwa nakaza, yeye anapiga, anapigiwa makofi, nami nimekaa nyuma ya pazia na ufunguo mkononi. Nilipomwomba nipige wimbo mmoja tu kwenye maulidi ya mtaa, alisema, "Wewe una masikio. Mikono huna." Labda ni kweli. Sitajua, kwa sababu mikono haikupewa nafasi.

Naye alikuwa na redio. Niliwahi kuingia bila kubisha nikamkuta amekaa, redio iko chini kabisa, inapiga taarabu ya siku hizi, kinanda kinalia mle ndani kama king'ora, na mguu wake unakwenda. Aliizima akasema alikuwa anatafuta taarifa ya habari.

Kuna jambo lazima niliseme, kwa sababu bila hilo nitakuwa nimemdhulumu. Watu walimwita kugawa mirathi. Mafungu ya mirathi ni yale yale ya uzi, nusu, thuluthi, robo, sudusi, thumni, na yeye aliyajua kichwani kama mtu anavyojua majina ya watoto wake. Shehe alikuwa akieleza hukumu, naye anapiga hesabu na kupima. Alikwenda mpaka Mkange kugawa shamba la watu waliokuwa wameshaanza kutishiana mapanga. Nilifuatana naye siku hiyo pamoja na mama, kwa sababu mama alikuwa na ndugu kule. Alipima kwa kamba ya katani tangu asubuhi, akahesabu minazi na mikorosho, akarudia upande mmoja mara tatu kwa sababu bibi mmoja, mjane, hakuridhika. Wanaume walichoka kusubiri, wakasema bibi aachwe, tofauti ni hatua mbili tu. Mwalimu aliwaambia hatua mbili za mtu ni zake. Akapima mara ya nne. Bibi yule alilia kwa furaha. Mwalimu alikataa kuku waliyempa, akanywa maji, tukarudi.

Kila mtu wa upande wetu anayo hadithi kama hiyo. Wanaotaka kutundika picha wataisimulia hiyo.

Sasa niwaambie ya nyumbani kwake. Mwalimu alikuwa na dada mmoja, Bi Nasra, mdogo wake kwa miaka michache. Baba yao alipofariki aliacha nyumba ile, vyumba sita na ua, na warithi walikuwa wao wawili tu. Hesabu yake haina ugumu hata kwa mtoto wa chuo cha Kurani. Kaka mafungu mawili, dada moja. Bi Nasra aliolewa, akaachika, akarudi, akapewa chumba cha uani karibu na jiko. Miaka thelathini alipika, akafua, akaleta kahawa, katika nyumba ambayo thuluthi yake ilikuwa mali yake, na ambayo kaka yake alikuwa amepangisha vyumba vyake vya mbele kama vyake peke yake. Alipotaka kumweka jamaa yake mmoja mjane kwenye chumba kimoja, aliambiwa hakuna nafasi.

Nilikuwepo siku alipouliza. Tulikuwa kwenye somo, ubao wa uzi mmoja uko mezani, nami nimebana mahali pa thuluthi. Bi Nasra aliingia na sinia ya kahawa, akaiweka, hakutoka.

"Hiyo thuluthi unayomkatia mtoto wa watu," alimwambia kaka yake, "yangu iko wapi?"

Mwalimu hakuinua kichwa. Alisema, "Ipo. Haijapotea. Thuluthi yako ni yako."

"Nipe basi."

"Nyumba si uzi, Nasra. Ukiikata hailii."

Bi Nasra akachukua sinia, akarudi nayo uani pamoja na kahawa. Mwalimu aliniambia nipige. Nilipiga. Akasema ina homa, na ilikuwa nayo, kwa sababu kidole changu kilikuwa kimeteleza.

Nilidhani nitamwambia Mwalimu kitu siku ile. Sikumwambia. Nilikuwa nataka masomo. Naandika hivyo ili nisionekane nimesimama mahali pa juu wakati nikimshutumu mwenzangu.

Mwaka uliofuata nikaposwa na kijana wa Mlingotini. Harusi ikapangwa huko kwao, mchana, chini ya turubai. Wakwe walikuwa wamekodi mtu wa kinanda. Nilimwendea Mwalimu, nikamwomba kwa heshima zote aje ale pilau, asije na kanuni, kwa kuwa najua vitu viwili hivyo havikai pamoja. Hakuniitikia ndiyo wala hapana. Siku ilipofika akaja nayo, imefungwa kwenye shuka la kijani.

Wakwe waliona ni heshima. Wakamwekea kiti mbele. Mimi nikaingia nimefunikwa, wanawake wananisindikiza, Mwalimu akaanza kupiga. Ulikuwa wimbo wa rasti, mojawapo ya njia za sauti za Kiarabu, na rasti ina sauti moja inayokaa katikati ya funguo mbili za kinanda. Kinanda hakina sauti hiyo, kinaruka juu yake au chini yake. Kijana wa kinanda, kwa nia njema, akaingia kumsaidia. Kila walipofika mahali pale, Mwalimu alipiga sauti yenyewe na kijana akapiga jirani yake. Nilisikia ndani ya ushungi, meno yakaniuma. Mara ya tatu Mwalimu akalaza viganja vyake vyote viwili juu ya nyuzi. Kijana naye akashtuka, akaacha.

"Mwanafunzi wangu haolewi kwa uongo," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. Akaifunga kanuni yake kwenye shuka, akaondoka, hata pilau hakula.

Watu mia wanajua maana ya neno uongo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anafikiria kinanda. Niliinua macho nikamwona mama mkwe. Alikuwa ananitazama tumbo.

Wiki ile ile nilirudi Bagamoyo kumwomba. Nilikaa chini sakafuni, nilikuwa sijawahi. Nilimwomba aende Mlingotini, au aandike barua, au amwambie tu imamu wa kule kwamba alikusudia kinanda. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilisema kweli," alisema. "Wao wakisikia kingine, mimi si daktari wa masikio."

"Mwalimu, ni neno moja tu."

"Neno lilikuwa sahihi."

Ndoa yangu ilidumu miaka minne. Ilivunjika kwa mambo mengi, na mengine ni ya kwangu. Lakini wazee wa pande mbili walipokaa, na mama mkwe akaulizwa ana lipi, jambo la kwanza alilolitoa lilikuwa hilo. Alisema hata mwalimu wake mwenyewe, mtu anayejulikana haongopi, alisimama siku ya harusi mbele za watu akasema kuna uongo. Wazee wakatikisa vichwa. Hata mama yangu alikiri kwamba Mwalimu haongopi.

Nilirudi kwenye cherehani yangu, baraza ile ile. Sikuingia tena kwake. Tulikuwa tunapishana njiani, mimi naangalia upande mwingine, yeye sijui alikuwa anaangalia wapi.

Bi Nasra ndiye aliyekuja. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akasema ameamua kumpeleka kaka yake kwa shehe na wazee wa mtaa, amechoka, na kaka yake hana pa kutokea isipokuwa akisema walishapatana zamani. Alitaka mtu aliyesikia kwamba hawakupatana. Nilimwambia nilisikia. Nilimwambia nitasema.

Siku mbili baadaye Mwalimu akaja. Ilikuwa asubuhi, nakata kitambaa. Alinisalimia yeye kwanza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaiweka kanuni juu ya meza yangu ya kukatia, juu ya kitambaa cha mteja.

"Nasra amekuita," alisema.

"Ameniita."

"Utasema nini?"

"Nilichosikia."

Akalisawazisha lile shuka la kijani kwa kiganja. Alisema akifa hakuna wa kuipiga. Alisema wengine wataitundika ukutani au watamwuzia mgeni. Alisema niichukue leo. Hakuongeza neno, hakusema ninyamaze, na wala hakuhitaji. Sisi wawili tulikuwa tumezoea kusikia kisichopigwa.

Niliitaka. Niliingiza mkono chini ya shuka nikazigusa nyuzi, na vidole vyangu vikajua kila moja ilipo.

"Ukiiacha nitaichukua," nilimwambia. "Na siku ikifika nitasema vile vile."

"Basi hukuwahi kunielewa," alisema.

"Nilikuelewa, Mwalimu."

Akaibeba, akaondoka. Siku nzima nilishona mishono iliyopinda.

Kwa shehe, mambo yalikwisha haraka. Nilieleza siku ile ya kahawa, neno kwa neno. Shehe akamgeukia Mwalimu, akamuuliza kama anakanusha, na ikiwa anakanusha, kama yuko tayari kuapa. Angeweza. Nilikuwa mtu mmoja, tena mwenye kisa naye, kila mtu pale alijua habari ya Mlingotini.

"Sikanushi," alisema Mwalimu.

Nimeyafikiria sana maneno yale. Mtu aliyemnyima dada yake haki yake miaka thelathini hakuweza kusema uongo mmoja wa kujiokoa. Na mimi niliyesema kweli tupu niliisema kwa nia mbaya. Wakati nasema nilikuwa namwona mama mkwe na macho yake, na kila neno lililonitoka lilinipa raha. Bi Nasra alinishika mkono kunishukuru. Nikauondoa mkono wangu, nikisingizia nina wateja.

Wakaleta fundi, akapandisha ukuta ndani ya nyumba. Bi Nasra akapata vyumba viwili na mlango wake wa barabarani. Matofali yaliisha kabla ukuta haujafika juu, wakauacha hivyo, kimo cha mtu na nusu, na hakuna aliyerudi kuumalizia. Yule jamaa yake mjane alihamia chumba kimoja. Kahawa haikwenda tena upande wa pili.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mwaka huu, kabla ya Ramadhani. Bi Nasra alinitumia ujumbe kwamba kaka yake ananitaka. Alisema masikio yamekwisha yote mawili, hasikii hata mlango ukipigwa teke, na kila siku anaonyesha kanuni na kuonyesha upande wa baraza yangu. Sitasema nilikwenda kwa huruma. Nilikwenda kumwona akiwa hivyo.

Alikuwa amekaa kitandani, amevaa kanzu safi, amekonda. Nilimwamkia, akaitazama midomo yangu, akaitikia marahaba. Sijui alinitambua kwa namna gani siku hiyo, kama mwanafunzi au kama shahidi. Alivua ufunguo shingoni akanipa. Kisha akainama, akaweka taya lake juu ya ubao wa kanuni, akafumba macho, na kwa kidole akaniashiria nianze.

Nilielewa. Alikuwa anasikia kwa mfupa. Homa ya nyuzi ilikuwa inapita kwenye ubao mpaka kwenye taya. Nikipiga nyuzi mbili zinazotetemeka alitandaza kiganja hewani, maana yake bado. Zikitulia alifunga ngumi. Hakukosea hata mara moja, na nilimchukia kwa hilo upya kabisa.

Tulikwenda hivyo karibu saa nzima. Tukafika kwenye ile sauti ya humusi, ngumu kuliko zote. Nilikaza, kiganja kikawa wazi. Nikakaza tena kidogo. Bado. Masikio yangu nayo si yale ya zamani, cherehani zimeyachosha. Nikakaza mara ya tatu, nikaona mtetemeko umebadilika, sikujua kama unapungua au unaongezeka.

"Umepita," ilisema sauti. "Rudi."

Ilitoka juu ya ukuta, upande wa pili. Ilikuwa sauti ya Bi Nasra, haikuwa na haraka, sauti ya mtu mwenye mikono iliyolowa. Nikarudisha ufunguo.

"Kidogo tena. Kidogo. Hapo, usiiguse."

Nikaondoa mkono. Nyuzi zikatulia kabisa, na ile sauti nzito ya chini ikaja yenyewe. Muda mfupi baadaye, kwa kuwa mfupa ni mzito kuliko sikio, Mwalimu akafunga ngumi.

Hakuna aliyemfundisha Bi Nasra. Miaka yote ile alikuwa akipita mlangoni na sinia, akikaa uani na mbatata zake, na katika sisi wawili tuliojiona tuna masikio, hakuna aliyewahi kumuuliza anasikia nini. Mimi pia sikumuuliza.

Mwalimu aliinua kichwa. Shavu lake lilikuwa na alama ya ubao. Alinitazama usoni kwa namna ambayo nilikuwa nimeingojea tangu nilipokuwa msichana.

"Sasa unasikia," aliniambia.

Nilimwambia si mimi. Nilitamka polepole ili asome midomo, nikanyoosha kidole kwenye ukuta. Alitazama kidole, akatazama ukuta, akadhani namwonyesha ulivyojengwa vibaya, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Upande wa pili maji yalikuwa yanamwagwa, na Bi Nasra alikuwa ameanza kusugua sufuria.